Pini ya Kumi na Tatu

Karatasi ya maungamo ilikuwa imeshapigwa chapa kabla Sajini hajafika. Ililazwa juu ya kioo cha meza ya Bosi, kalamu kando yake, kama kisu kando ya sahani. Mistari tisa. Mstari wa tano ulisema kwamba mkerezaji aitwaye Mama Pacha, kwa uzembe wake, alitengeneza pini ya breki yenye mkwaruzo shingoni, kwamba pini hiyo ilikatika, winchi ya kupandishia wajenzi ikaporomoka kutoka ghorofa ya sita, na fundi mwashi mmoja akafa. Mstari wa tisa ulikuwa mtupu. Ulisubiri sahihi.

"Saa sita kamili," Bosi alisema. "Mkuu wako wa kituo ameniahidi. Mama huyu anaitambua chapa yake, anasaini, mnaondoka naye. Wateja wangu wanataka kusikia kwamba mkosaji amepatikana."

"Watasikia," Sajini alisema. "Pini iko wapi?"

"Ya nini? Ripoti ya ukaguzi si imeshaandikwa?"

"Ripoti haikukatika, mzee. Iliyokatika ni pini."

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Mama Pacha alisimama karibu na mlango, bado amevaa ovaroli aliyokamatwa nayo siku tatu zilizopita. Miaka kumi na minane alikuwa ameinamia mashine moja ya kukereza, na mabega yake yalikuwa yameshachukua umbo la kuinama. Sajini alikuwa amekataa kumfunga pingu kituoni. Alikuwa amekataa tena ndani ya gari, dereva alipomkumbusha.

"Umekula?" Sajini alimuuliza.

"Nimekula maneno ya watu siku tatu, dada. Nimeshiba."

Chumba cha ukaguzi kilikuwa mwisho wa karakana. Walipita katikati ya mashine kumi na mbili zinazounguruma, sakafu imejaa takataka za chuma zilizosokotana kama nywele, na feni mbili darini, moja ikizunguka. Chumba cha ukaguzi chenyewe kilikuwa na kiyoyozi. Ni kwa ajili ya vyombo, walisema, kwa sababu joto hutanua chuma na kuharibu vipimo. Watu thelathini na wanne waliokuwa wakitoka jasho nje ya ule mlango hawakuhesabiwa kuwa vyombo.

Aliyefungua mlango alikuwa mkuu wa ukaguzi, mwanamume wa miaka thelathini hivi mwenye shati jeupe lisilo na doa. Karakana nzima ilimwita Mpwa. Alikuwa mtoto wa dada yake Bosi, na hicho ndicho cheti alichoajiriwa nacho.

"Pini hii hapa," Mpwa alisema, akitoa mfuko wa nailoni. Vipande viwili, unene wa kidole kidogo cha mtoto. "Tazama shingoni. Mkwaruzo unaonekana hata kwa macho. Kisu cha mashine yake kilikuwa butu, kikauma chuma, na pini ikakatikia hapohapo. Mimi nimeshaandika. Sijui unatafuta nini."

Sajini alitoa mfukoni lenzi ndogo ya mkononi, inayokuza mara kumi. Hakufanya kama wanavyofanya wapelelezi wa kwenye filamu, kunyoosha mkono na kukunja uso. Aliisogeza lenzi mpaka ikakaribia kugusa kope, kisha akaileta pini kwenye lenzi, polepole, mpaka shingo ya chuma ikaibuka wazi kama barabara.

Mpwa alimtazama. "Nani kakufundisha kushika lenzi hivyo?"

"Baba yangu. Alikuwa mkerezaji. Alibakiwa na vidole saba, na saba vilimtosha kunifundisha."

Aligeuza pini kidogo kuelekea dirishani. Mkwaruzo ulikuwepo, kweli. Lakini kulikuwa na kutu pia, vidoa vyekundu vya wiki tano za mvua na vumbi la saruji tangu ifungwe kwenye winchi, na mkwaruzo ulipita juu ya kutu, ukaikata katikati, chini yake chuma kikametameta kipya.

"Pini ilikatika lini?"

"Jumanne."

"Na iling'olewa kwenye breki na nani?"

"Na mimi. Kwa koleo. Ilikuwa imekwama."

"Basi mkwaruzo huu ni wa koleo lako. Umekata kutu. Ungekuwa wa kisu cha mama huyu, kutu ingekuwa juu yake."

Bosi, aliyekuwa amewafuata bila kualikwa, alikohoa.

"Sawa," Mpwa alisema hatimaye. "Labda mkwaruzo siyo. Lakini chapa ni ya nani? Hiyo huwezi kuikana."

"Siikani," Mama Pacha alisema kutoka mlangoni. "Niletee niione. Mimi sikatai watoto wangu."

Sajini alisogeza lenzi kwenye kichwa cha pini. Herufi mbili, P na P, zimegongwa kwa chapa ya mkono, na chini yake nukta ndogo. Chapa ya Mama Pacha. Lakini Sajini hakuondoa jicho. Alikaa hapo muda mrefu kuliko herufi mbili zinavyohitaji.

"Mama Pacha. Chapa unagonga lini? Kabla chuma hakijapikwa, au baadaye?"

"Kabla. Kikishapikwa kwenye tanuri na kuchovywa kwenye oili, utagonga mpaka nyundo ilie, chuma hakisikii."

"Na kikitoka motoni, herufi zinakuwaje?"

"Nyeusi ndani. Nje tunasugua, panang'aa. Ndani ya herufi msasa haufiki, weusi unabaki."

"Hizi ni nyeupe," Sajini alisema. "Nyeupe kama jino. Mkuu wa ukaguzi, pini hii haijaona moto."

Kisha Mpwa akacheka, kicheko cha mtu aliyeona mlango wa nyuma uko wazi.

"Mambo ya zamani hayo, Sajini. Tanuri letu limezeeka. Siku hizi tunapeleka nje, kwenye tanuri la kisasa. Linanyonya hewa yote ndani, chuma kinapikwa bila hewa, hakitoki na masizi. Kinatoka kinang'aa. Uliza popote."

Tanuri za namna hiyo zipo, na Sajini alilijua hilo. Alishusha lenzi. Bosi aliangalia saa yake kwa mkono mzima, ili kila mtu aone.

"Saa tano kasoro kumi," alisema. "Tumemaliza?"

"Bado. Nionyesheni hilo tanuri lililozeeka."

Tanuri lilikuwa uani, chini ya bati. Mbele yake mwanamume mwenye mvi alikuwa anafagia. Walimwita Mzee Moto. Miaka thelathini na moja alikuwa akipika chuma, na miezi mitatu iliyopita wakampa ufagio. Sajini aliwaomba wengine wabaki mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja kumchukua Mama Pacha?"

"Nimekuja kuuliza. Tanuri lilizimwa lini?"

Mzee Moto alivuta mlango wa tanuri, ukalia kwa kutu. Ndani, kutoka ukuta hadi ukuta, buibui alikuwa amejenga na kuzaa na kuhamia chumba cha pili.

"Huyo ndiye mpishi wa sasa," mzee alisema. "Mafuta ni ghali, wakasema. Mimi nikauliza, basi chuma kitakazwa na nini, na maombi? Wakanipa ufagio."

"Wanasema wanapeleka nje."

"Sanduku la pini zile nililibeba mimi mpaka kwenye gari. Lilitoka asubuhi. Lilirudi asubuhi ileile, kabla ya chai. Binti yangu, chuma kinataka kupashwa, kinataka kushikwa kwenye moto, kinataka kupoa, kisha kirudishwe kidogo motoni kisiwe kama kioo. Siku nzima hiyo. Hata kama tanuri lao limetoka mwezini. Hao walizungusha gari tu, ili tuone limetoka."

Sajini alitoa daftari. "Nikiandika, utasema haya mbele ya hakimu? Umebakiza muda gani kustaafu?"

"Miezi miwili." Mzee Moto aliegemeza ufagio ukutani. "Mwaka ule tanki la mteja lilipopasuka, mwenzetu wa mashine ya tatu alifukuzwa. Chuma ndicho kilichokuwa kibovu, kimenunuliwa kibovu, lakini hakuwa na cha kuonyesha. Alitoka hapa analia kama mtoto, na sisi tulikuwa tunaangalia mashine zetu. Mimi nilikuwa naangalia yangu. Niandike. Andika jina la kwenye kitambulisho, siyo hili la utani."

Sajini aliandika. Mzee akasubiri kalamu itulie.

"Na tangu siku ile, binti yangu, mkerezaji yeyote wa hapa akiagizwa vitu kumi na viwili anakata kumi na vitatu. Cha mwisho tunakiita shahidi. Kinapitia kote wanakopita wenzake, ila chumba cha ukaguzi, kisha kinarudi kwenye droo ya mwenyewe. Ofisini hawajui. Wanadhani tunaharibu chuma. Muulize Mama Pacha pini yake ya kumi na tatu."

Droo ilikuwa chini ya mashine ya Mama Pacha, imefungwa kwa waya. Aliifungua mwenyewe. Ndani kulikuwa na vipande vya kanga kuukuu, na katika kila kipande chuma kilichopakwa grisi na kikaratasi chenye tarehe: bolti, gurudumu dogo la meno, kitasa, miaka kumi na minane ya kazi imelala kama watoto waliofunikwa.

"Hizi nini?" Bosi aliuliza kwa sauti ya kuvunja kelele za mashine. "Hii ni mali ya kampuni!"

"Ni takataka, Bosi," Mama Pacha alisema. "Umesema mwenyewe kwenye kikao, tunazalisha takataka nyingi."

Wakerezaji wa mashine za jirani walicheka. Mmoja alizima mashine yake ili asikie vizuri.

Mama Pacha alitoa vifurushi viwili. Pini moja ilikuwa ya oda hii. Nyingine ilikuwa ya mwaka jana, aina ileile, mteja yuleyule, wakati tanuri bado linawaka. Sajini aliweka lenzi jichoni. Herufi za pini ya mwaka jana zilikuwa nyeusi kama chungu. Za pini ya oda hii zilikuwa nyeupe.

"Uliiona ilivyorudi nyeupe?"

"Niliiona. Nikamfuata Mpwa, nikamuuliza. Akaniambia habari za tanuri la kisasa. Akaniambia, wewe kereza, kupima niachie mimi." Alifunga droo kwa goti. "Nikamwachia. Hilo kosa ni langu, andika."

"Turudi kwenye kiyoyozi," Sajini alisema.

Safari hii wakerezaji watatu waliwafuata wakasimama mlangoni wakifuta mikono. Hakuna aliyewaita, na hakuna aliyethubutu kuwafukuza.

Juu ya meza ya chuma kulikuwa na mashine ya kupimia ugumu: mkono mzito wenye ncha ya almasi, na hadubini ubavuni. Sajini hakuigusa. Alichukua kichwa cha pini iliyokatika, akakitazama tena kwa lenzi, safari hii pembeni kabisa ya herufi, mahali ambapo hapo kwanza alipapita haraka. Palikuwa na kishimo. Cha mraba, kidogo kuliko punje ya chumvi.

"Mkuu wa ukaguzi, nisaidie. Hiki nini?"

Mpwa aliinama. Akavimba kidogo, kama mtu aliyeulizwa kitu anachokijua. "Hiyo ni alama ya kipimo. Ncha ya almasi inabonyezwa kwa uzito maalumu. Chuma kilichopikwa kinagoma, ncha inaingia kidogo, kishimo kinakuwa kidogo. Chuma kibichi kinakubali, kishimo kinakuwa kikubwa. Unapima upana kwa hadubini. Kila pini ya breki lazima ipimwe."

"Na hizi alipima nani?"

"Mimi. Hapa hakuna mwingine anayeruhusiwa."

"Ulipata upana gani?"

Mpwa alivuta faili, akafungua cheti chenye muhuri wa kampuni. "Sifuri nukta moja sita ya milimita. Zote kumi na mbili. Ngumu, safi."

"Iweke chini ya hadubini. Unisomee tena."

Hapo ndipo Mpwa alipoelewa alipofikishwa. Alimtazama mjomba wake. Mjomba alitazama dirisha.

"Hadubini hiyo... inahitaji kurekebishwa kwanza. Haisomi sawasawa."

"Mpwa," mkerezaji mmoja alisema mlangoni, "wiki iliyopita ulinirudishia bolti hamsini kwa hadubini hiyohiyo. Ilikuwa inasoma vizuri sana siku ile."

"Hakuna neno," Sajini alisema. "Tuanze na pini ya mwaka jana. Ibonyeze."

Mpwa aliiweka pini ya mwaka jana chini ya ncha. Mkono mzito ulishuka, ukatulia, ukapanda. Aliizungusha hadubini, mistari miwili myembamba ikakumbatia kishimo kutoka pembe hadi pembe.

"Soma kwa sauti."

"Sifuri nukta... moja sita."

"Kwa hiyo hadubini ni nzima. Pini ya kumi na tatu."

Mkono ulishuka tena. Mpwa aliangalia, akafuta jicho, akaangalia.

"Soma."

"Sifuri nukta tatu sifuri."

Mlangoni mtu alipiga mluzi. Karibu mara mbili. Chuma kibichi, laini kama kilivyotoka dukani.

"Sasa iliyoua," Sajini alisema. "Usiibonyeze. Soma kishimo chako mwenyewe, ulichokiacha wewe wiki tano zilizopita."

Mpwa hakuinama. Sajini aliinama badala yake. Alipanga mistari taratibu, wa kushoto kwenye pembe, wa kulia kwenye pembe, akasoma, akasogea pembeni. "Mama Pacha, njoo usome na wewe. Nisije nikaambiwa polisi hawajui hesabu."

Mama Pacha aliweka jicho. "Tatu sifuri," alisema. Hakuinua kichwa. "Aliona. Aliangalia kwa kioo hiki hiki, akaona tatu sifuri, akaandika moja sita."

"Niliambiwa niandike!" Mpwa alipayuka. "Oda ilikuwa imechelewa! Mjomba, waambie!"

"Nyamaza wewe!" Bosi alikuwa ameshatoa simu. Aliongea maneno machache, kisha akaisukuma mbele ya uso wa Sajini. "Mkuu wako."

Sauti ya mkuu wa kituo ilisikika mpaka mlangoni. Ilitaka kujua sahihi iko wapi.

"Sina sahihi, afande. Nina mtu mwingine wa kuleta... Ndiyo, nimesikia... Nimesikia, afande. Basi naomba amri hiyo kwa maandishi, kwamba nimeona kipimo na bado nimsainishe huyu mama. Iandike, uweke jina lako chini, nami nitaitii." Alisubiri. "Asante, afande." Alimrudishia Bosi simu yake. "Amekata."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile mashine zote zilikuwa zimenyamaza. Ndipo Mama Pacha alipouliza, bila kupandisha sauti:

"Kumi na moja ziko wapi?"

Hakuna aliyeelewa.

"Nilikata kumi na tatu. Moja ni shahidi, moja imeua mtu. Kumi na moja ziko wapi?"

Sajini alilivuta faili. Nyuma ya cheti kulikuwa na orodha ya mahali pini zilikopelekwa: majengo kumi na mawili, likiwemo lile la ajali, kila moja na namba ya simu ya msimamizi wake. Ilikuwa siku ya kazi, saa za kazi. Winchi zote kumi na moja zilizobaki zilikuwa zinapanda na kushuka.

"Hakuna anayepiga simu," Bosi alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Mnanisikia? Tukipiga tumekiri. Kwanza wakili, kisha barua, tuandike kwa lugha ya kisheria—"

"Barua inapanda ghorofa ya sita kwa muda gani, Bosi?" Mama Pacha aliuliza.

"Na wewe! Una akili? Chapa ni yako kwenye kila moja! Ukipiga simu hiyo unajitia kitanzi mwenyewe!"

Mama Pacha alinyoosha mkono kwa Sajini. Kiganja kilikuwa kimepasukapasuka, grisi imekaa kwenye mistari ambayo sabuni haijawahi kuifikia. Sajini aliweka simu yake humo.

Namba ya kwanza iliita mara nne.

"Haloo, wewe ndiye msimamizi wa jengo? Nisikilize, kaka. Winchi yako ina breki mpya, ya wiki tano. Isimamishe sasa hivi. Pini yake haikupikwa, itakatika kama ile ya Jumanne... Siyo utani. Una watu wangapi juu?... Tisa? Wasipande winchi kushuka, unanisikia? Ngazi. Wote kwa ngazi... Mimi ni nani?" Alimtazama Bosi usoni. "Mimi ndiye niliyeikereza."

"Umesikia!" Bosi alipiga meza, vyombo vyote vikaruka. "Sajini, umesikia! Amekiri mbele ya mashahidi! Andika!"

"Naandika," Sajini alisema. Na kweli alikuwa anaandika, neno kwa neno, pamoja na saa, pamoja na aliyepiga simu na aliyekataza simu isipigwe.

Mama Pacha hakukata. "Sikati mpaka nisikie wameshuka. Nihesabie wakifika chini, mmoja mmoja." Aliziba sikio la pili kwa kidole. Chumba kizima kilisikia sauti ndogo ikihesabu kutoka mbali, na midomo yake ikiifuata. Mmoja. Wawili. Palikuwa na kimya kirefu baada ya wanne, na mkerezaji aliyekuwa mlangoni akaacha kufuta mikono. Watano. Wanane walipofika, akauliza kwa ukali, "Na wa tisa?" akasubiri, akafumba macho, akafumbua.

"Tisa," alisema.

Akaweka kidole kwenye orodha, mstari wa pili, akaanza kubonyeza namba.